Uzi: Kabla hujachukua kitabu kingine cha kukufundisha kuandika riwaya, pita hapa kwanza

#1 – Mleta uzi

Wakuu salaam. Uzi ni mrefu, asiyependa marefu aishie hapa hapa asije kunilaumu huko mbele.

Karibu kila wiki napokea swali lile lile, "mkuu nataka kuanza kuandika riwaya, nisome kitabu gani?" Zamani nilikua namtupia mtu majina matatu manne naendelea na mambo yangu. Siku hizi namuuliza kwanza, umeshaandika nini mpaka sasa, na umekwama wapi? Wengi wanapotea hapo hapo. Yaani ukimpa mtu kitabu hujui kakwama wapi ni kama kumpa dawa mtu aliyekwambia tu "naumwa", hujui kichwa, hujui tumbo.

Nianze na aibu yangu mwenyewe ili msidhani nahubiri. Mimi nimesoma vitabu kumi na nne vya ufundi wa uandishi kabla sijamaliza hadithi hata moja. Kumi na nne, nilivihesabu. Nilikua na daftari la noti, kalamu za rangi, nimepiga mistari mpaka karatasi zimelainika, ukiniamsha usiku wa manane nakutajia hatua kumi na mbili za safari ya shujaa bila kuchungulia popote. Hadithi sasa? Sufuri. Nilikua na kurasa nane tu za mwanzo wa riwaya, na hizo kurasa nane nilikua naziandika upya kila nikimaliza kitabu kipya maana kila kitabu kilikua kinaona kasoro yake humo, huyu anataka nianze na tukio, yule anataka nianze na sauti, mwingine anataka nianze na siku ya kawaida ya mhusika. Ubaya wa hivi vitabu ni kwamba vinanoga, ukisoma unajisikia umefanya kazi, unalala umeridhika, kumbe hujaandika hata mstari.

Sasa siku hizi nachagua hivi.

Kuna mtu ambaye haandiki kabisa, au anaandika aya mbili anafuta anaondoka. Huyu shida yake sio ufundi, shida yake ni kukaa chini. Ukimpa kitabu cha msuko umemuongezea kisingizio. Huyu nampa Dorothea Brande, Becoming a Writer, cha mwaka 1934. Ndio 1934, usicheke. Yule mama hahangaiki na wahusika wala mandhari, anasema vitabu vya hayo vipo tele, yeye anashughulika na kichwa chako. Zoezi lake la mwanzo ni kuamka nusu saa kabla ya muda wako wa kawaida na kuandika kabla hujaongea na mtu na kabla hujasoma chochote (yeye alikua anasema gazeti, wewe elewa simu). Ukishazoea unajiwekea miadi, mfano leo saa kumi jioni dakika kumi na tano, na saa kumi ikigonga unaandika, iwe uko na wageni iwe uko na nani, unachomoka. Halafu anakwambia bila kupepesa, ukishindwa hili zoezi mara kwa mara basi achana na uandishi, maana ukaidi wako ni mkubwa kuliko hamu yako. Hiyo sentensi iliniuma siku mbili. Siku ya tatu nikaamka.

Kwenye kundi hilo hilo yupo Anne Lamott na Bird by Bird, 1994. Jina limetoka kwa kaka yake alipokua na miaka kumi, kapewa kazi ya shule kuhusu ndege, miezi mitatu hajagusa, kesho inatakiwa, mtoto kakaa mezani analia na vitabu vimemzunguka, baba yao akamshika bega akamwambia waende ndege mmoja mmoja. Kitabu kizima ni mkono wa huyo baba begani. Ndio kilichonipa ruhusa ya kuandika drafti ya kwanza mbovu, mbovu kweli kweli, ya kuficha chini ya godoro. Ila kama wewe ni mtu usiyependa mwandishi anayejieleza sana maisha yake kitakuchosha.

Stephen King na On Writing cha 2000 mnakijua, kila orodha kipo. Kizuri, sina ugomvi nacho, lakini jueni sehemu kubwa ya mwanzo ni maisha yake, na mwishoni anarudi kwenye ajali ya kugongwa na gari mwaka 1999 akiwa katikati ya kukiandika. Katikati ndio kuna ufundi. Kitu kimoja nilichokibeba humo ni ile hesabu yake kwamba drafti ya pili iwe ya kwanza toa asilimia kumi, kitu alichoandikiwa na mhariri mmoja aliyemrudishia hadithi enzi za ujana wake. Mimi hesabu siipendi lakini hiyo naifuata mpaka leo.

Mtu wa pili ni yule anayeandika vizuri tu halafu akifika katikati gari linazima. Kurasa sitini, wahusika wote wamekaa sebuleni wanaangaliana. Huyu ndio anahitaji vitabu vya msuko, na hapa ndipo penye mitego mingi. Vitabu vingi vinavyosifiwa kwa msuko vimezaliwa kwenye filamu, sio kwenye riwaya. Robert McKee, Story, 1997, ni filamu. Blake Snyder na Save the Cat cha 2005 ni filamu pia, yule anakupa vituo kumi na tano vya hadithi na anakwambia kabisa tukio la kuchokoza (lile linaloisukuma hadithi ianze) lidondoke ukurasa wa 12 kwenye skripti ya kurasa 110. Sasa kuna watu wanachukua hiyo ukurasa wa 12 wanaipeleka kwenye riwaya yao ya kurasa mia nne wanashangaa mbona inakimbia. Kama unapenda njia hiyo tafuta toleo la Jessica Brody la 2018 aliloliandika kwa ajili ya riwaya. Na ushauri wangu, vituo hivyo visiwe ramani ya kuanzia, viwe rula. Andika kwanza, ukikwama lete rula upime umepinda wapi.

Halafu ukisoma King ukamaliza ukasoma Snyder utachanganyikiwa, maana King anakwambia yeye hapangi msuko, anaweka watu kwenye hali ngumu anaangalia watatokaje, na Snyder anakutaka ubandike kadi arobaini ukutani kabla hujaandika neno. Nani mkweli? Wote wawili. Kila mmoja anaeleza kichwa chake kinavyofanya kazi halafu anakiita kanuni. Kwa hiyo ukiona kitabu kinakupa kanuni, jiulize kwanza huyu aliyeandika ana kichwa cha namna gani, na changu kinafanana?

Mtu wa tatu kamaliza. Ana drafti nzima, ina mwanzo ina mwisho, lakini ukiisoma haina ladha na hajui kwa nini. Huyu ndiye mwenye bahati kuliko wote maana vitabu vizuri kabisa ni vyake. Self-Editing for Fiction Writers cha Renni Browne na Dave King (huyu King mwingine), 1993. Hawa ni wahariri, na unaliona hilo, wanachukua ukurasa wa mtu wanaufumua mbele yako. Wana amri moja wanaiandika kwa herufi tatu pembeni ya miswada, R.U.E. (Resist the Urge to Explain), maana yake zuia hamu ya kueleza. Nilipoisoma nikarudi kwenye mswada wangu nikakuta hii:

"Alibamiza mlango mpaka picha ya ukutani ikadondoka. Alikuwa amekasirika sana."

Hebu angalia hiyo sentensi ya pili inafanya nini hapo. Mlango umeshasema. Picha imeshasema. Mimi nakuja nyuma yao kama mtu anayeeleza utani baada ya watu kucheka. Kwenye kurasa mia mbili nilifuta sentensi za namna hiyo zaidi ya themanini, na hakuna msomaji wangu hata mmoja aliyeuliza zimeenda wapi.

Na John Gardner, The Art of Fiction, kilichotoka baada ya yeye kufa kwa ajali ya pikipiki mwaka 1982. Huyu mzee ana maringo, nakuonya mapema, anaandika kama mwalimu anayejua nusu ya darasa litafeli (Raymond Carver alikua mwanafunzi wake, kwa hiyo sio wote walifeli). Lakini mazoezi ya mwisho wa kitabu ni dhahabu. Na humo kitabuni kuna zoezi linasema, eleza ghala kama linavyoonwa na baba ambaye mwanae kauawa vitani, usimtaje mtoto, usitaje vita, usitaje kifo. Nilikaa nalo jioni tatu. Nilichobaki nacho ni hiki tu:

"Mlango ulikuwa umening'inia kwa bawaba moja. Ndani, nyuma ya magunia, lilikuwepo lile jembe la mpini mfupi, mpini nilioukata mwenyewe ili utoshe. Siku hizo nilidhani nitaurefusha tena. Nikafunga mlango kwa kamba."

Sio kazi ya tuzo, najua. Ila hizo sentensi nne zimenifundisha kuliko vile vitabu kumi na nne nilivyopigia mistari.

Mwisho wa yangu, ukishika kitabu chochote cha namna hii usianze na utangulizi, utangulizi wote unasifia kitabu. Fungua katikati. Angalia kuna mfano wa maandishi au ni maneno matupu ya "mhusika wako awe hai, msuko wako uvutie". Awe hai vipi? Kama hakioneshi, rudisha. Angalia kama kuna zoezi unaloweza kulifanya leo leo kwa hadithi uliyonayo. Fanya hilo moja. Ukiona limekusogeza, chukua kitabu, na usichukue cha pili mpaka mazoezi ya hicho yameisha.

Karibuni.

#2

Mkuu umeandika vizuri ila mimi napinga. Uandishi ni kipaji, mtu anazaliwa nacho. Hao wakongwe wote duniani walisoma kitabu gani cha kufundisha? Hivi vitabu vimeandikwa na watu walioshindwa kuuza riwaya zao wakaona bora wauze ushauri.

#3 – Mleta uzi

Mkuu hapo mwishoni una haki nusu, ndio maana huwa naangalia aliyeandika ana hadithi gani nyingine. Brande mwenyewe riwaya zake hazijulikani kama kile kitabu. Lakini Browne na King ni wahariri tu na kazi yao imesimama, mwalimu wa mpira sio lazima awe mfungaji bora.

Hilo la wakongwe sikubali. Aristotle alikaa akachambua tamthilia za Kigiriki zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita akaandika Poetics, mwanzo, kati na mwisho unaofundishwa shuleni umetoka humo. Watu wamekua wakijiuliza hadithi inafanyaje kazi tangu enzi hizo. Na wale wahusika bapa na wahusika duara tuliokaririshwa kwenye fasihi unajua vimetoka wapi? E. M. Forster, Aspects of the Novel, 1927, mihadhara aliyoitoa Cambridge. Tulikariri jibu la mtihani bila kujua kwamba aliyeyasema alikua mwandishi wa riwaya anaongea na wanafunzi kwa utani mwingi tu. Yeye ndiye mwenye ule mfano wa mfalme na malkia, kwamba ukisema mfalme kafa halafu malkia kafa hiyo ni hadithi, ukisema malkia kafa kwa majonzi hapo una msuko. Maneno mawili yameongezeka, ukasikia sababu. Kipaji kipo, ila hayo maneno mawili mtu anaweza kuoneshwa.

#4

Naunga mkono ila nyie mmeruka kitu. Mwongozo wa kwanza wa mwandishi wa riwaya ni riwaya. Mimi sisomi hivi vitabu vya kanuni, nasoma vile vinavyonifundisha KUSOMA. Francine Prose, Reading Like a Writer, 2006, sura ya maneno, sura ya sentensi, sura ya aya, taratiiibu. Na George Saunders, A Swim in a Pond in the Rain, 2021, kachukua hadithi saba za Warusi, Chekhov, Turgenev, Tolstoy na Gogol, hadithi zenyewe zimo humo humo ndani unazisoma zote. Hiyo ya kwanza ya Chekhov anakupa ukurasa mmoja anakusimamisha, anakuuliza sasa unajua nini? unasubiri nini? halafu anakupa ukurasa mwingine. Mwanzo iliniudhi nikataka kuruka, baadae nikagundua ndio swali ninalotakiwa kujiuliza kila nikimaliza ukurasa wangu, kwamba msomaji hapa anasubiri nini. Kama hasubiri kitu, ameshafunga.

Tangu hapo nikisoma riwaya ikinikamata narudi nyuma kutafuta ni mstari gani ulionishika. Mara nyingi sio pale nilipodhani.

#5

duh mleta uzi hizo kumi na nne umenisema mimi kabisa, mi niko cha tisa hahaha. nimeacha leo

#6

Wakuu niongezee kitu ambacho hakuna hata kimoja kati ya hivyo vitabu kitakwambia, na samahani nitaandika sana maana hili limenitesa.

Vyote hivyo vimeandikwa na watu wanaowaza Kiingereza, na sehemu kubwa ya ushauri wao sio ushauri wa hadithi, ni ushauri wa Kiingereza. Mnamuona Strunk na White, The Elements of Style, Strunk alikitoa 1918 na White akakipanua 1959, watu wanakipendekeza kwenye kila orodha ya waandishi chipukizi. Kile ni kitabu cha sarufi na mtindo wa Kiingereza! Wewe unayeandika riwaya ya Kiswahili utatoka humo na "acha maneno ya ziada", ambayo ni kweli, na mengine yote hayakuhusu.

Mfano vielezi. Stephen King anavichukia, anavifananisha na magugu. Mimi nikatii, nikapita kwenye mswada wangu wote nafyeka. Nikafyeka "akadondoka pu", nikafyeka "kimya ji", nikafyeka "giza totoro", nikafyeka "nyeupe pe". Nikamaliza nikasoma kwa sauti nikaona kama hotuba ya mgeni rasmi. Viigizi kwetu sio magugu, ndio udongo wenyewe. Anachokikataa yeye ni kile cha "alisema kwa hasira", "alijibu kwa huzuni", hicho ni kweli kifyeke, maneno ya mtu yenyewe yaoneshe hasira. Lakini "pu" iache.

Kauli ya kutendwa nayo. Wanakwambia ikimbie, inafanya sentensi ilegee. Sasa utamkimbiaje "alifiwa"? "Tulinyeshewa", "aliingiwa na hofu", "nilipitiwa na usingizi", hivyo ndivyo tunavyoongea, na hamna ulegevu hapo. Ukigeuza "mvua ilitunyeshea" umeharibu.

Halafu kuna tatizo ambalo wao hawana kabisa kwa hiyo hawawezi kulisema. Kwao mwanaume ana kiwakilishi chake na mwanamke chake. Sisi wote ni "a-". Soma hii:

"Rehema alimtazama Zawadi. Akamsogelea. Akamwambia hawezi kuondoka."

Nani kamsogelea nani? Nani hawezi kuondoka? Mimi mwandishi najua, msomaji kabaki njia panda. Niliandika tukio zima la ugomvi wa watu watatu chumbani kwa namna hiyo, rafiki yangu akanirudishia na swali moja tu, "aliyepigwa kofi ni nani?" Nilidhani ni yeye hajui kusoma. Dawa yake nimeipata kwa kuhangaika, wakati mwingine rudisha jina, wakati mwingine tumia "yule" na "huyu" kumpa mmoja umbali, na mara nyingi mpe mtu mdomo wake. "Zawadi, huendi popote." Imeisha, hakuna anayeuliza.

Na "ka". Akaingia, akaketi, akainama, akashika kichwa, akalia. Tukiachia inakua treni. Hakuna kitabu cha Kiingereza kitakachokuonya kuhusu "ka", unaisikia mwenyewe ukisoma kwa sauti, vunja na "alipo", vunja na "huku aki", au weka nukta kabisa pumzika.

Kwa hiyo nikichagua kitabu swali langu ni hili tu, ushauri huu ni wa hadithi au wa lugha? Wa hadithi nauchukua mzima. Wa lugha naupima kwanza mdomoni.

#7 – Mleta uzi

#6 ulikua wapi siku zote. Hiyo ya "pu" nimejiona, na mimi nilifyeka.

Kwa ulichosema nadhani cha kukupendekezea ni Ursula K. Le Guin, Steering the Craft, 1998, akakiandika upya 2015. Ni kidogo, na karibu chote ni mazoezi ya sauti na sentensi. Sura ya kwanza kabisa ni sauti ya maneno, anataka usome kwa sauti. Kuna zoezi la kuandika aya bila alama yoyote ya uakifishi. Kuna la kuandika kwa sentensi za maneno saba au pungufu, halafu unageuka unaandika nusu ukurasa hadi ukurasa mzima kwa sentensi MOJA. Na kuna lile la kuandika ukurasa wa maelezo bila kivumishi wala kielezi, hilo jaribu kwa Kiswahili uone lugha inavyokusukuma kwenye vitenzi, unajikuta unaandika "ukuta umeumuka" badala ya "ukuta mbovu". Mifano yake ni ya Kiingereza ila mazoezi yenyewe yanavuka vizuri kuliko kitabu kingine chochote nilichojaribu.

#8

Mi nitoe tahadhari. Msidanganyike na vitabu vya "maliza riwaya ndani ya siku 30". Nilifuata kimoja mpaka mwisho, sikitaji jina. Kila siku ina kazi yake, siku ya tatu chagua jina la mhusika, siku ya sita chora nyumba yake, siku ya tisa andika anapenda rangi gani. Siku ya ishirini najua rangi anayoipenda, viatu vyake saizi ngapi, mbwa wake wa utotoni aliitwaje. Anataka nini kwenye maisha? Sijui. Siku ya thelathini nikawa na faili la maneno elfu tisa ya taarifa za mtu asiyefanya chochote.

Siku thelathini zenyewe sio mbaya, lile shindano la NaNoWriMo lililoanza 1999, maneno 50,000 ndani ya Novemba, lilisaidia wengi kumaliza drafti, ijapokua shirika lake lilitangaza kufunga 2025. Lakini pale ulikua unaandika hadithi, sio kujaza fomu.

#9

Habari zenu wakubwa. Mimi ndio naanza, nina miaka 19. Sijasoma kitabu hata kimoja kati ya hivyo. Naombeni ushauri nianze na kipi, huu ndio mwanzo wa riwaya yangu, msinicheke:

"Ilikuwa ni siku ya Jumatatu asubuhi na mapema ambapo jua lilikuwa likichomoza kwa mbali huku ndege wakiimba kwa furaha. Msichana mmoja mrembo aitwaye Neema alikuwa amekaa kitandani akiwa na mawazo mengi sana kwani alikuwa amepokea barua ya kuhuzunisha kutoka kwa kaka yake ambaye hawakuwa wameonana kwa muda wa miaka sita."

#10 – Mleta uzi

Mdogo wangu hakuna wa kukucheka, wote tumeamka na hiyo Jumatatu na hao ndege.

Usichukue kitabu bado. Nijibu haya, hiyo hadithi ni ya nani, ndege au Neema? Na kitu gani kwenye hizo sentensi mbili kingenifanya mimi nigeuze ukurasa?

#11

(sio mleta uzi) mdogo wetu barua ndio imenishika mimi. Jua limechomoza kila siku. Na "mrembo" hiyo nani kaiona? chumbani yuko peke yake. Na usinambie ina huzuni, mwache aisome nimuangalie.

#12 – yule wa #9

Asanteni sana. Nimekaa nalo tangu jana, nimefuta kama mara sita. Nimesoma kwa sauti kama alivyosema #6. Sasa iko hivi:

"Neema aliisoma barua mara ya tatu, safari hii akiwa amesimama. Mwandiko ulikuwa wa kaka yake, herufi zimelalia kushoto kama zamani. Miaka sita, na hakuuliza hata hali. Aliikunja, akaiweka chini ya godoro. Akaitoa tena."

#13 – #6 nimerudi

Eeeh. "Na hakuuliza hata hali." Hapo nimemchukia huyo kaka na sijamuona.

Hiyo "akaitoa tena" umeitenga na nukta makusudi au bahati?

#14 – yule wa #9

Mwanzo ilikua "akaiweka chini ya godoro, akaitoa tena" nikaona inakimbia kama treni ya #6 hahaha nikaweka nukta.

Kwa hiyo nianze na Browne na King au Le Guin?

#15 – Mleta uzi

Kabla sijakujibu, hiyo barua inasema nini?

#16 – yule wa #9

Sijajua bado. Najua tu kuna kitu kaka yake anataka arudishiwe.

#17 – Mleta uzi

Basi kaandike mpaka ujue, vitabu vitakukuta. Ukifika mwisho rudi hapa na drafti nzima, tutaanza na Browne na King sura ya kwanza. Hata kama ni mbovu ya kuficha chini ya godoro, ilete.

#18

na utuambie kaka anataka nini maana sasa na sisi tunasubiri